Umeua Wangapi?

Ndilo swali la kwanza wachezaji wanaloulizana baada ya raundi moja ya gemu ya risasi. Hawaulizani kama mchezo ulikuwa mtamu. Wanaulizana, umeua wangapi? Na mtu anajibu bila kupepesa jicho: wanne, saba, kumi na mmoja. Ukiwa kwenye matatu usikie mazungumzo kama hayo kiti cha nyuma, na hujui kwamba wanazungumzia simu, unaweza kumwambia konda akushukishe stegi inayofuata.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa msikilizaji tu. Nilikua na bano, kati na mpira wa makaratasi, kisha nikahamia FIFA kwenye vibanda vya pleisteshoni, pale ambapo anayeshindwa anampisha mwingine. Gemu za risasi zilinipita kando. Halafu mwaka huu, nikiwa kwa binamu yangu Umoja, stima zimepotea na yeye ana bando la usiku ambalo lingeisha bure, akanipa simu yake akasema, "Braza, leo lazima ujaribu."

Nikajaribu. Na tangu hapo nina swali ambalo naona linadharauliwa na pande zote mbili, wanaocheza na wanaopinga: ukimuua mtu kwenye gemu, umemfanyia nini hasa?

*

Kwa ambaye hajawahi kucheza, hivi ndivyo PUBG Mobile, ama Pabji kama wengi wanavyoitamka, inavyoenda. Ndege inabeba hadi watu 100 juu ya kisiwa. Kila mmoja anachagua pa kuruka, anashuka na parachuti, anafika chini mikono mitupu. Chini kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna bunduki, risasi, helmeti na dawa. Unaokota unachopata. Kisha duara linaanza kujikunja juu ya ramani. Ukibaki nje yake unaumia mpaka unakufa, kwa hivyo kila mtu anasukumwa kuelekea mahali pamoja. Mwishoni anabaki mtu mmoja, au kikosi kimoja cha watu wanne.

Ramani ya kwanza kabisa inaitwa Erangel. Ni kisiwa cha kubuni cha kilomita 8 kwa 8, chenye mabaki ya kambi za kijeshi za Kisovieti. Aliyebuni mchezo, Brendan Greene wa Ireland, alilitoa jina hilo kwenye jina la binti yake, Eryn. Nilipolijua hilo nilikaa nalo kidogo. Baba kachukua jina la mtoto wake, kalipa uwanja wa vita.

Kikosi chetu kilikuwa na mimi na watu watatu nisiowajua. Binamu yangu alikuwa kando yangu, spika moja ya masikioni kwake, nyingine kwangu, akitoa maagizo kama kocha. Wawili kati ya wenzangu hawakusema neno. Wa tatu alimsikia binamu yangu akipiga kelele kwenye maiki, akacheka: "Kumbe nyinyi ni wa nyumbani!" Alikuwa Mkenya, askari wa kulinda lango huko Doha, yuko kwenye mapumziko kati ya zamu. Kwao ni Kitale. Tangu hapo akawa ananiita mgeni. "Mgeni, usisimame mlangoni. Mgeni, inama."

Mtu wa kwanza niliyemuua alikuwa anakimbia kati ya nyumba mbili. Nilibonyeza, akaanguka, akageuka kuwa sanduku la vitu vyake. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho na moyo ulikuwa unadunda kama nimefukuzwa na mbwa. Na nilikuwa na furaha. Nataka kulisema hili mapema kwa sababu maandishi mengi juu ya gemu hizi yanakimbilia kushtuka. Mimi sikushtuka. Nilifurahi, na nikawatafuta wengine. Nikapata wawili.

Ndipo binamu yangu akaniharibia. "Hao wote watatu ni boti," akasema.

Boti ni mpinzani anayeendeshwa na kompyuta. Sijui nani aliruhusu neno hilo, maana hazina injini wala hazijui bahari. Anayeanza kucheza huwekewa boti nyingi ili asikate tamaa siku ya kwanza. Zinakimbia ovyo, zinalenga vibaya, zinakufa haraka. Na mara tu nilipoambiwa, ile furaha ikayeyuka. Nilijiona kama mtu aliyeshangilia bao, kumbe golini hakukuwa na kipa.

Hapo ndipo kuna jambo la kufikiria. Boti inakufa sawasawa na mtu. Inaanguka vilevile, inaacha sanduku lilelile, inaongeza hesabu ileile kwenye skrini. Kama kilichonifurahisha kilikuwa kifo, basi nilipaswa kubaki na furaha yangu. Kilichopungua kilikuwa kitu kimoja tu: hakuna mtu aliyekuwa upande wa pili akitaka kunishinda.

Wanaopinga gemu hizi husema mchezaji anasahau kwamba wanaouawa ni watu. Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Mchezo ulikuwa na ladha pale tu nilipoamini ni mtu.

*

Turudi kwenye lile jibu la haraka: ni gemu tu, hakuna kilichotendeka. Ni jibu zuri, lakini lina shimo. Mwaka 2009 mwanafalsafa Morgan Luck alilionyesha shimo hilo kwa njia ambayo bado inawasumbua wenzake. Alisema, watu wengi wanakubali kwamba kuua kwenye gemu si kosa, kwa kuwa hakuna anayekufa. Sawa. Lakini watu haohao wakiambiwa kuna gemu ambayo mchezaji anamdhulumu mtoto kingono, wanakataa mara moja, ingawa hapo pia hakuna mtoto anayeumia. Kama "ni gemu tu" ni jibu kamili, lazima litoshe kwa zote mbili. Na kama halitoshi kwa ile ya pili, basi tunahitaji sababu nyingine ya kuiachilia ile ya kwanza.

Mimi nadhani sababu hiyo ipo, ila tunaitafuta mahali pasipofaa. Tunauliza kama kitendo ni cha kweli au cha uongo. Tungeuliza kwanza nani amekubali.

Mwanafalsafa mwingine, Bernard Suits, aliandika mwaka 1978 kwamba kucheza ni kujitwisha kwa hiari vikwazo ambavyo hukuhitaji. Fikiria soka. Kama shida yako ni mpira uingie wavuni, si uubebe tu kwa mikono? Lakini watu 22 wamekubaliana wasitumie mikono, na kwa makubaliano hayo kitu cha kipuuzi kinageuka kuwa kitu ambacho watu wazima wanakililia. Makubaliano ndiyo yanayouumba mchezo. Yakiondoka, unabaki na watu wanaosukumana uwanjani.

Kuna ushahidi wa hili kwenye kizazi cha Pabji yenyewe. Greene amesema wazi kwamba wazo lake lilitokana na filamu ya Kijapani iitwayo Battle Royale, ya mwaka 2000. Ndani ya filamu hiyo serikali inalikamata darasa moja la wanafunzi, inawapeleka kisiwani, inawapa silaha na kuwaambia wauane mpaka abaki mmoja. Wakikataa, wanakufa. Angalia sasa. Kisiwa, silaha, wengi wanaingia, mmoja anatoka: ni vitu vilevile. Moja ni jinamizi, nyingine ni burudani ya saa tatu usiku. Kilichobadilika ni kwamba kwenye filamu hakuna aliyeulizwa, na kwenye simu kila mmoja alibonyeza mwenyewe neno la kuanza.

Kiswahili kimekuwa na lugha ya jambo hili kabla ya falsafa kufika. Tuna kucheza na mtu, halafu tuna kumchezea mtu. Tofauti ni herufi chache, lakini muulize yeyote mtaani. Kucheza na mtu ni kukaa naye ndani ya kitu kimoja: mnacheza wote, mnaweza kushindwa wote. Kumchezea mtu ni kumfanya yeye kuwa kitu chenyewe. Ndiyo maana mtu aliyezungushwa na mwenye nyumba, au na mpenzi, au na bosi asiyelipa, hasemi "usicheze na mimi" kwa upole wa uwanjani. Anasema "usinichezee." Na wazee walipotuambia kuwa mchezo wa paka ni mauti ya panya, hawakuwa wanasema michezo ni mibaya. Walikuwa wanasema panya hakucheza. Alichezewa.

Nikiangalia gemu ya risasi kwa jicho hilo, naona kitu ambacho wanaopinga hawakioni na wanaocheza hawajali: unaweza kumuua mtu mara hamsini kwenye Erangel na usiwe umemchezea hata mara moja. Na unaweza kumchezea bila kufyatua risasi.

*

Nililiona hilo dakika chache baada ya zile boti. Jamaa wa Doha alisema, "Sasa wanakuja wenyewe," na kweli walikuja. Nilipigwa nikiwa nje ya nyumba. Kwenye mchezo wa kikosi hufi hapohapo. Unaanguka, unatambaa, damu inapungua, na mwenzako ana muda mfupi wa kukufikia akuinue, akiwa amepiga magoti kando yako bila uwezo wa kufyatua. Yule jamaa alikuwa salama nyuma ya ukuta. Akatoka, akavuka uwazi risasi zikipiga ukuta, akapiga magoti kando yangu. "Tulia mgeni, usitambae." Akaninyanyua.

Hakunijua. Hakuwa na deni kwangu. Na kama tunasema risasi za gemu si za kweli, basi na ujasiri wake haukuwa wa kweli, maana hakuwa na cha kupoteza. Lakini kilikuwepo: alikuwa na nusu saa tu ya mapumziko, na aliihatarisha ili mtu asiyejua hata kuinama abaki mchezoni. Wema huo ulikuwa mdogo, ila haukuwa wa kubuni. Vilivyokuwa vya kubuni ni ukuta na risasi.

Kisha akasema, "Wananiita getini," na sauti yake ikakatika. Mtu wake alibaki amesimama katikati ya majani, bunduki mkononi, kama sanamu. Hazikupita sekunde nyingi, adui mmoja akatokea kilimani na kumpiga. Akawa sanduku.

Je, alidhulumiwa? Hapana. Aliingia akijua sheria, na sheria haisemi kwamba anayeenda getini ahurumiwe. Pengine nami ningempiga adui aliyesimama hivyo. Furaha ingekuwa ile ya boti, yaani hakuna, lakini kosa lisingekuwepo.

Kilichofuata ndicho kilikuwa tofauti. Aliyempiga alikuwa ametusikia tukiongea, kwa sababu maiki yetu ilikuwa wazi kwa kila aliye karibu. Akashuka mpaka kwenye sanduku la yule jamaa, akauliza kwa Kiingereza kama sisi ni Waafrika, halafu akaanza kutoa sauti za nyani. Alizitoa kwa muda, akicheka na mwenzake, huku akirukaruka juu ya sanduku. Binamu yangu hata hakushangaa. "Hiyo ni kawaida," akasema, na kunyoosha kidole kuzima sauti.

Angalia vile mambo yalivyopinduka. Kwenye skrini kulikuwa na tendo linaloonekana kuwa baya kuliko yote, kumpiga risasi mtu asiyeweza kujitetea, na halikumdhuru yeyote. Na kulikuwa na sauti tu, isiyopunguza damu wala kuongeza hesabu, na hiyo ndiyo ilikuwa kitu cha kweli usiku ule. Risasi ilimpiga mtu wa picha. Ile sauti ilimlenga mtu mwenyewe, mwenye mama Kitale, aliyesimama wakati huohuo kwenye lango la watu wengine, kwenye nchi ambayo si ajabu huwa anasikia mengine kama hayo. Hakukubali hilo alipobonyeza kuanza. Hakuna kitufe cha kulikubali.

Hiyo ndiyo kumchezea mtu. Na inanishangaza kwamba mijadala yote ya wazazi na wahubiri kuhusu gemu hizi inahusu damu iliyochorwa, ambayo kwenye baadhi ya gemu unaweza hata kuibadilisha rangi ikawa kijani, na karibu hakuna anayeuliza mtoto wake anasikia nini masikioni.

*

Mwaka 2019 China ilitupa mfano mzuri wa kutibu mahali pasipouma. PUBG Mobile ilifungwa huko mwezi Mei na mahali pake pakaja gemu nyingine ya kampuni ileile, Tencent, yenye jina linalozungumzia amani. Uchezaji ulikuwa uleule: ndege, parachuti, duara, bunduki. Lakini aliyepigwa hakufa. Alipiga magoti, akakabidhi sanduku lake, akapunga mkono wa kwaheri na kutoweka.

Kicheko kilikuwa kingi duniani, na mimi pia nilicheka nilipoiona video. Lakini nikiifikiria sasa naona ilisema ukweli kwa bahati mbaya. Kwenye gemu, hicho ndicho kinachotokea kweli. Aliyepigwa anaaga. Anarudi kwenye ukumbi wa kusubiri, anakunywa chai, anaanza raundi nyingine. Neno "kuua" ndilo linalodanganya.

Wacheza bao wa pwani hawakulihitaji neno hilo. Kwenye bao, kete za mpinzani haziuawi, zinaliwa. Na zikiliwa haziondoki ubaoni kama kwenye drafti. Unazichukua na kuzipanda upande wako, zikaendelea kucheza. Kete 64 zinaanza, na mchezo ukiisha bado ni 64. Ni vita kali, watu wanaweza kununiana wiki nzima kwa sababu yake, lakini ni vita ambayo hakuna kinachopotea. Mchezo wowote mzuri nadhani unafanana na hilo: unashindwa kabisa, halafu unarudishiwa kila kitu.

Kurudishiwa huko, pamoja na kukubali, ndiko kunakofanya risasi ya gemu isiwe dhambi. Umekubali kuingia, na utatoka ulivyoingia. Ukiondoa kimojawapo, hatuzungumzii mchezo tena.

*

Ningeweza kuishia hapo na wachezaji wangefurahi. Lakini kuna kitu kilinikera kwenye Erangel ambacho maelezo haya hayakifuti, nacho ni nyumba.

Nyumba zimejaa. Kuna vitanda, meza, majiko, shule yenye madarasa, hospitali. Lakini hakuna mwenyewe. Hakuna mama mboga aliyeinama nyuma ya meza yake ukutani. Hakuna mtoto aliyetumwa maziwa. Hakuna mzee anayekataa kuhama. Wote waliopo wamekuja kupigana, wote wana silaha au wanaitafuta, na kila aliyepigwa alijua anaweza kupigwa. Ni vita ambayo haina watu wa kando. Inabidi iwe hivyo, kwa sababu mtu wa kando akiingia, makubaliano yanavunjika: yeye hakubonyeza kitu.

Hatujaishi kwenye nchi ya namna hiyo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wa rika langu walitembea kuelekea Bunge la Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, na polisi wakafyatua risasi za kweli. Wengi wetu tuliiona kwenye simu hizihizi, kwenye skrini za ukubwa uleule, tumeshika kwa mikono miwili vilevile. Tarehe 30 Juni rais alitaja vifo 19. Siku iliyofuata Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikasema imehesabu 39 tangu maandamano yaanze. Na kwa siku kadhaa mazungumzo yakawa juu ya tarakimu. Ni 19 au ni 39? Nani anahesabu vizuri? Kana kwamba kitu kilichokuwa mbele yetu kilikuwa hesabu.

Hapo ndipo naiogopa gemu ya risasi, na siogopi kile ninachoambiwa nikiogope. Kant alifundisha kwamba anayemtesa mnyama anajifanya mgumu, na ugumu huo hatimaye utawafikia watu. Wanaopinga gemu huazima hoja kama hiyo: utabonyeza leo, utafyatua kesho. Siioni. Kidole gumba kwenye kioo hakifundishi mtu kushika bunduki, na waliofyatua siku ile hawakufundishwa na simu. Walikuwa na mafunzo, sare na amri.

Lakini mazoea ya kweli yapo, na yako kwenye lugha. Umeua wangapi? Ukiuliza hivyo kila usiku, unazoea kifo kuwa kitu chenye jibu la tarakimu. Ndani ya mchezo hilo ni sawa kabisa, kwa kuwa kila mmoja wa hao wanne au kumi na mmoja tayari yuko kwenye raundi nyingine. Nje ya mchezo ndipo tarakimu inapogeuka kuwa pazia. Mtu akisema 39 kwa sauti ileile ya "wanne, saba, kumi na mmoja," amesahau kwamba hawa hawakurudi kwenye ukumbi wowote wa kusubiri. Kuna nyumba zenye vitanda na meza ambazo mwenyewe hayupo, na si ramani.

Wengine walisema baadaye kwamba vijana hawa wanachukulia siasa kama mchezo. Nadhani walichanganya vitenzi. Waliokwenda barabarani hawakuwa wanacheza na yeyote. Walikwenda kusema wamechoka kuchezewa.

*

Kwa hivyo, je, ni vibaya kuua kwenye gemu? Jibu langu ni hapana, ila "ni gemu tu" haijaniridhisha kama sababu. Si vibaya kwa sababu upande wa pili kuna mtu aliyekubali, atakayerudishiwa kila kitu, na ambaye naye ananitafuta. Mambo hayo matatu yakiwepo, piga. Ukimlenga kwa ustadi unamheshimu zaidi kuliko ukimwachia makusudi, maana hakuja pale kuachiwa.

Kosa linaanza pale ambapo unamfikia kwa njia ambayo hakukubali. Sauti za nyani ni kosa. Kumtukania mtoto wa miaka kumi na miwili mama yake kwa sababu amekosa shabaha ni kosa. Kumfuata mtu raundi baada ya raundi ili kumdhalilisha ni kosa. Na ni makosa ya kweli, si ya gemu, kwa hivyo "ni gemu tu" haiwezi kuyafunika. Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Usaha wenyewe ulikuwepo kabla ya mzaha, ndani ya mtu, na maiki ilimpa nafasi ya kuutoa.

Kwa mzazi ambaye amesoma mpaka hapa akitafuta kama amnyang'anye mtoto simu, ningesema aanze kwa kuomba spika moja ya masikioni. Akae kando raundi moja, asikilize. Damu atazoea baada ya dakika tano. Atakachokisikia ndicho kitamwambia kama mtoto wake anacheza na watu, au anawachezea, au anachezewa.

Na kwa wachezaji, ambao sasa nadhani mimi ni mmoja wao ingawa bado nasimama mlangoni, sina mahubiri. Hesabuni tu mkitaka. Ila aliyeacha ukuta wake akaja kukuinua hayuko kwenye hesabu hiyo, na skrini haitakukumbusha. Mwambie asante kabla hajaitwa getini.